Tunampima mtoto, wenyewe hatujipimi

Mwaka 2023 kulikuwa na majuma ambayo ukifungua redio yoyote ya Kampala hukosi habari ya DNA. Baba fulani amewapeleka watoto wake wote kupimwa. Mwingine amepata majibu, amefungasha nguo na kuondoka. Maabara ya serikali pale Wandegeya ikawa gumzo ndani ya teksi. Viongozi wa dini wakawasihi wanaume watulie, Wizara ya Afya nayo ikaonya kuhusu maabara zisizo na idhini. Upepo ule umepungua nguvu, haujaisha.

Simlaumu mwanamume anayetaka kujua. Swali lake ni la haki, na kipimo kipo. Kinachonikera kwanza ni namna tulivyoyasoma yale majibu. Watu walisikia kwamba wengi wa waliopimwa waliambiwa mtoto si wao, wakahitimisha kwamba nusu ya watoto wa nchi hii wamebambikiwa baba. Hesabu haiendi hivyo. Anayelipa mamia ya maelfu ya shilingi kupima ni yule aliyekwisha kushuku, mara nyingi baada ya ugomvi au mbele ya kesi ya mirathi. Wasioshuku hawaendi maabara, kwa hiyo hawamo katika hesabu hiyo. Majibu ya maabara yanatuambia habari za wenye shaka tu.

La pili ndilo zito zaidi. Ipo habari nyingine ya urithi wa damu, ugonjwa wa selimundu au siko seli, inayozihusu familia nyingi mno za Uganda, ina kipimo rahisi kuliko hicho, na inazika watoto. Hiyo hatuikimbilii. Nitafika huko, lakini kwanza tuzungumze kuhusu sura, maana shaka nyingi huanzia usoni.

Sisi tunaozungumza Kiswahili Uganda, wa Busia, wa Arua, wa Bombo, wa kambi za jeshi na polisi, nyumba zetu nyingi ni za mchanganyiko. Mlugbara kaoa Msoga, Mnubi kaolewa na Mteso, Mwacholi kapata mke Mbarara alikohamishiwa kazi. Mtoto akizaliwa, shangazi wa upande wa baba hufika na macho makali. Ataanza na masikio, kwa kuwa huko ndiko inakosemekana rangi ya kweli hujitokeza mapema, kisha vidole, kisha pua. Halafu atauliza kwa sauti ya upole ambayo si ya upole hata kidogo: "Huyu kamfuata nani?"

Swali hilo lina jibu, ila halimo masikioni. Karibu kila chembe ya mwili wa binadamu ina kromosomu 46, nyuzi zinazobeba urithi, yaani jozi 23, na katika kila jozi moja imetoka kwa baba, nyingine kwa mama. Mwili unapotengeneza mbegu au yai huchukua moja tu kutoka kila jozi, na uchaguzi huo ni wa bahati. Kwa jozi 23, michanganyiko inayoweza kutoka kwa mzazi mmoja inazidi milioni 8. Na hapo bado hatujahesabu kwamba kabla ya kutengana, kromosomu za jozi moja hubadilishana vipande. Ndiyo maana ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, ambao kwa wastani hushiriki nusu ya urithi wao, wakipimwa hukutwa wengine wanashiriki asilimia 37 hivi na wengine zaidi ya 60. Mtoto wa tatu asipofanana na wawili waliomtangulia, hajavunja kanuni yoyote.

Rangi ya ngozi ndiyo inayovunja nyumba upesi, na ndiyo shahidi dhaifu kuliko wote. Haiamuliwi na jeni moja, yaani kipande kimoja cha kromosomu chenye maagizo ya sifa fulani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliopima ngozi za watu wa Ethiopia, Tanzania na Botswana, ulikuta sehemu kadhaa za vinasaba zinazochangia, nyingine zikiongeza weusi na nyingine zikiupunguza, na baadhi ya tofauti hizo ni za kale kuliko binadamu wa sasa. Zote zimo humu Afrika, zimechanganyika ndani yetu. Wazazi wawili wenye rangi ya maji ya kunde wanaweza kupata mmoja mweusi wa kung'aa na mwingine mweupe, wote halali yao. Makundi ya damu nayo yamezua vita vya bure: baba ni A, mama ni B, mtoto ametoka O, na tayari jirani mwenye pikipiki anatazamwa kwa jicho baya. Baba wa A anaweza kuwa amebeba A na O, mama naye B na O. Kila mmoja akampa mtoto ile O yake iliyokuwa imejificha. Hakuna jirani hapo.

Wazee walikuwa na kipimo chao. Baganda wa zamani walikuwa na sherehe ya kuwaingiza watoto katika ukoo, kwalula abaana, ambapo kitovu kilichokauka kilitumbukizwa katika mchanganyiko wa maji, pombe na maziwa. Kikielea, mtoto ni wa ukoo na anapewa jina. Kikizama, mama ana maswali ya kujibu. Kitu kikavu na chepesi kwa kawaida huelea, na nadhani mabibi waliosimamia shughuli hiyo walilijua hilo vizuri sana. Sherehe ilikuwa ya kumkaribisha mtoto mbele ya watu zaidi ya kumchunguza.

Ukoo wenyewe ni jambo la kijamii, na hakuna ubaya. Mtoto wa Kiganda hufuata ukoo wa baba na mwiko wake, awe wa Ngeye au wa Ffumbe. Lakini kwa mapokeo wana wa Kabaka walifuata ukoo wa mama zao. Watu waliamua tu iwe hivyo, na ikawa. Damu haisikilizi maamuzi hayo. Rudi nyuma vizazi kumi: una nafasi 1,024 za mababu na mabibi katika kizazi hicho peke yake, na aliyekuachia ukoo ni mmoja kati yao. Kinachomfuata huyo mmoja bila kukatika, kwa wanaume, ni kromosomu ndogo ya Y yenye jeni chache. Hiyo Y, kwa njia, ndiyo inayoamua mtoto awe wa kiume, na mama hana ya kutoa. Mwanamume anayemfukuza mke kwa kuzaa wasichana watupu anamwadhibu mtu kwa kura aliyoipiga yeye mwenyewe.

Anayetaka mtoto aliye nakala yake kamili angetafuta shamba la matoke. Huko ndiko chipukizi hutoka shinani likiwa mama yake yuleyule. Migomba yetu ya matoke ina seti tatu za kromosomu badala ya mbili, haitoi mbegu za kuaminika, na tangu zamani tumekuwa tukiizalisha kwa machipukizi tu. Shamba zima la majirani kumi linaweza kuwa karibu mgomba mmoja uliotawanyika. Gharama yake tuliiona mwaka 2001, mnyauko wa bakteria ulipogunduliwa eneo la Mukono na kuanza kusambaa nchini: hakuna aina ya matoke iliyokuwa na kinga. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Kawanda wanaotaka migomba imara hulazimika kwanza kutafuta ile michache ambayo bado inaweza kuzaa mbegu, waichavushe na jamaa zake wa porini, wasubiri miaka. Kabana 6, mgomba chotara unaohimili ugonjwa wa madoa meusi ya majani, uliidhinishwa mwaka 2010 baada ya kazi ya namna hiyo. Kuchanganyika kunakomtia wasiwasi shangazi ndiko mgomba unakokukosa.

Kuna jambo moja zaidi kabla sijafika nilikosema nitafika. Kurithi jeni ni hatua moja. Jeni kufanya kazi ni nyingine. Urefu ni mfano mzuri. Mwaka 2022 wanasayansi waliochunguza vinasaba vya watu zaidi ya milioni 5 walipata sehemu zaidi ya 12,000 zinazohusiana na urefu wa mtu. Na bado mwaka 2016 asilimia 29 ya watoto wa Uganda walio chini ya miaka mitano walikutwa wamedumaa. Wengi wa hao wana jeni za kuwa warefu kuliko walivyo. Chakula hakikuja, au kuhara kulikuja mara nyingi mno.

Sasa nalubiri, kama Baganda wanavyouita ugonjwa ule. Kwa Kiswahili tunauita selimundu, na wengi wanasema siko seli tu.

Historia ya ugonjwa huu ina mizizi hapa kwetu. Mwaka 1949 watafiti Lehmann na Raper walichapisha vipimo walivyofanya katika makabila mbalimbali ya Uganda na kukuta kwamba miongoni mwa Baamba wa Bundibugyo watu wapatao 45 kati ya 100 walikuwa wamebeba jeni ya selimundu. Miaka mitano baadaye Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alitumia damu ya watoto wa Kiganda wa maeneo ya Kampala kuonyesha sababu: waliobeba jeni hiyo moja walikuwa na vimelea vya malaria kwa uchache zaidi. Kwa hiyo jeni haikutujia kama laana. Ilibaki kwetu kwa sababu ilikuwa inaokoa. Aliyerithi jeni moja ya selimundu na moja ya kawaida, yule anayeandikwa AS, kwa kawaida ni mzima, analima, anakimbia, anaendesha boda boda, na malaria kali humpata kwa nadra kuliko wenzake. Shida inaanza AS anapozaa na AS. Kila ujauzito wao una nafasi moja kati ya nne ya mtoto SS, mgonjwa; mbili kati ya nne za mtoto AS kama wao; moja ya mtoto AA, asiyebeba chochote. Na ni kila ujauzito: kura inapigwa upya, haikumbuki iliyopita. Wapo waliopata wanne wazima, wapo waliozaa watatu na wote wagonjwa.

Takwimu za kuaminika tunazo. Kati ya Februari 2014 na Machi 2015 maabara kuu ya afya ya umma ilichukua matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, ambayo tayari yalikuwa yamekusanywa nchi nzima kupima virusi vya Ukimwi kwa watoto wachanga, ikayapima selimundu pia. Lilikuwa wazo la akili: damu ipo, usafiri umeshalipwa. Sampuli zilikuwa zaidi ya 97,000 kutoka wilaya zote 112 za wakati huo. Asilimia 13.3 walikuwa wamebeba jeni, asilimia 0.7 walikuwa wagonjwa. Hakuna hata wilaya moja iliyokosa wabebaji. Wilaya mbili zilikuwa chini ya asilimia 3, nane zilizidi 20, na iliyoongoza ilifika 23.9.

Zichukue hizo namba uzifanyie hesabu ndogo. Kama watu wangeoana ovyo nchi nzima bila kujali kwao ni wapi, asilimia 13.3 ingetupa watoto wagonjwa wanne na kitu katika kila 1,000. Waliopatikana ni saba. Sehemu ya tofauti hiyo, kwa maoni yangu, ni kwamba hatuoani ovyo. Mtu wa Lira huoa Lira. Katika wilaya ile iliyoongoza, ndoa moja katika kila 17 au 18 huenda inawakutanisha wabebaji wawili. Kwa viwango vya Baamba wa 1949, ni ndoa moja katika kila tano. Nyanda za juu za kusini-magharibi, ambako malaria ilikuwa haba, jeni nayo ni haba. Kwa hiyo zile ndoa za kambini na za mpakani ambazo shangazi anazitilia shaka, Mkiga wa nyanda hizo na Mlangi wa Lira chini ya paa moja, kwa jambo hili zina nafuu.

Nilisema jeni kuwepo ni jambo moja na kufanya kazi ni jingine. Selimundu inalionyesha hilo vizuri kuliko ugonjwa wowote ninaoujua. Mtoto SS huzaliwa akiwa na jeni zote mbili mbovu, lakini miezi ya kwanza hucheka na kunenepa. Tumboni mwa mama alitumia himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, ya aina nyingine, inayotengenezwa na jeni nyingine kabisa, isiyo na kasoro. Inapofika kama miezi sita, ile jeni ya uchanga imekwisha kufifia na ya ukubwani imeshika kazi. Ndipo vidole vinavimba, macho yanageuka manjano, mtoto analia usiku bila kunyamaza. Familia inaona mtoto aliyekuwa mzima ameharibika ghafla, na inafanya ambacho familia hufanya: inatafuta aliyemroga. Mara nyingi kidole humwangukia mama au ukoo wake. "Kwetu ugonjwa huu haupo," baba husema, na huenda ni kweli kwamba hakuna aliyewahi kuugua kwao. Wabebaji hawaugui, na ukoo unaweza kuibeba jeni vizazi vingi bila kumzika mtoto hata mmoja. Lakini mtoto hawezi kuwa SS kwa upande mmoja.

Matibabu nayo yamepita mlango huohuo. Hidroksiyurea, dawa ya vidonge, huuchochea mwili kuendelea kutengeneza ile himoglobini ya uchanga. Palikuwa na hofu kwamba katika nchi yenye malaria ingeleta madhara. Jaribio lililofanyika hospitali ya Mulago na kuchapishwa mwaka 2017 lilionyesha kwamba watoto walioitumia hawakupata malaria zaidi, na hali zao ziliimarika. Tatizo lililobaki ni kuifikisha kwa mama wa kijijini na kuhakikisha haikatiki.

Basi kwa nini hatupimi? Kipimo cha haraka kinahitaji tone la damu na dakika chache, na kinaweza kusema kama wewe ni AA, AS au SS. Makanisa kadhaa huwataka wachumba wapime, lakini kwa kawaida hilo hutokea baada ya kwanjula, sherehe ya utambulisho, mahari imelipwa, kadi zimechapishwa, mjomba ametoka Juba. Ni nani atavunja harusi wakati huo? Wachumba wanapewa karatasi na kuambiwa wafikiri, wakati hakuna tena nafasi ya kufikiri.

Ipo sababu nyingine ambayo haisemwi hadharani. Mtoto akikutwa SS, baba naye akipimwa na kuwa AA, kwa kawaida maana yake ni moja. Kuna vighairi vichache vya kitabibu, lakini ni vichache. Kipimo cha selimundu kinaweza kugeuka kipimo cha ubaba bila mtu yeyote kukiomba, na muuguzi wa zahanati ndiye anabaki ameshika karatasi, baba na mama wamekaa mbele yake kwenye benchi moja. Nadhani kukwepa kwingi kunatoka hapo, kwa wanawake wanaoogopa na kwa wanaume wasiotaka kujua. Kwa hiyo mimi sikubaliani na wanaosema kila mtoto mgonjwa akipatikana wazazi wote wawili waitwe wapimwe pamoja. Mtoto anahitaji dawa, chanjo, chandarua na miadi ya kliniki. Hakuna kimojawapo kinachosubiri damu ya baba. Mzazi anayetaka kujua hali yake apimwe peke yake, ajibiwe peke yake.

Wengine wanataka sheria: cheti cha selimundu kabla ya cheti cha ndoa. Nakubali kwamba Cyprus, ambako ugonjwa wa damu wa thalasemia ulikuwa umeenea, kanisa lilianza kudai cheti cha namna hiyo miaka ya 1980 na watoto wagonjwa wakapungua sana. Lakini huko wenzi wengi walioana hivyohivyo, kwa kuwa walikuwa na njia ya kupima mimba na kuamua. Hapa kipimo hicho hakipatikani kwa watu wa kawaida na sheria ya kutoa mimba ni kali. Cheti cha lazima Uganda kingebaki na kazi moja tu, kuwatenganisha wapendanao, au kufundisha watu kununua cheti. Na kingemwekea alama kijana wa Alebtong au Bundibugyo kwa jeni iliyowalinda mababu zake.

Ningepima mapema zaidi, shule za sekondari, mwaka wa tatu au wa nne, pale somo la baiolojia linapofika kwenye Mendel, yule mtawa aliyechunguza urithi, na njegere zake za mviringo 5,474 dhidi ya 1,850 zilizokunjamana. Wanafunzi wanaikariri ile tatu kwa moja kwa ajili ya mtihani bila mtu kuwaambia kwamba ndiyo ileile moja kati ya nne ya kliniki ya Mulago. Jibu apewe mwanafunzi mwenyewe, pamoja na maelezo kwamba AS si mgonjwa na anaweza kuoa mtu yeyote, ila akimpata AS mwenzake wana jambo la kuzungumza mapema. Mzazi asipewe, mwalimu wa darasa asipewe, mchungaji asipewe. Atakapompata mtu miaka minane baadaye, atakuwa anajua cha kuuliza, na atauliza kabla shangazi hajapanga tarehe ya kwanjula. Wilaya nane zilizozidi asilimia 20 ndizo za kuanzia, na orodha yake Wizara inayo tangu 2016.